Zebaki ya Ikolomani na Elementi Tano

Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikuu vya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hufundisha kwamba yote yaliyomo ulimwenguni yamo pia mwilini: ardhi katika mifupa, maji katika damu na mate, moto katika kusaga chakula, upepo katika pumzi na mwendo, anga katika matundu ya pua na masikio. Kwa mtu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, hilo si geni. Kila mazishi humkumbusha kwamba yeye ni udongo. Ila Ayurveda haingoji kaburi. Inadai ulimwengu unaingia na kutoka ndani yetu leo hii, na dai hilo naliona kuwa kweli.

Mwanafunzi wa kemia atacheka. Jedwali lake lina elementi 118, moto haumo, na maji ni hidrojeni na oksijeni. Kama orodha ya maada, zile tano zimekwisha kupitwa, na wanaodai wahenga wa India waliijua atomu kuliko mwanakemia Dalton wanazitetea vibaya. Lakini zilipangwa kwa milango ya fahamu: ardhi hunuswa, maji huonjwa, moto huonwa, upepo huguswa, anga husikika. Zinaeleza jinsi ulimwengu unavyotufikia.

Na unatufikia kweli. Ikolomani, huko huko Kakamega, ambako wachimbaji wadogo bado wanatafuta dhahabu, mwamba husagwa, unga wake huoshwa karaini, kisha zebaki humiminwa na kuchanganywa kwa mikono mitupu, mara nyingi ya wanawake, hadi ishike chembe za dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Aliyeketi karibu na moto huvuta mvuke bila kunusa chochote. Zebaki inayobaki matopeni huenda na maji, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, na samaki huibeba. Imepita ardhini, majini, motoni na hewani, ikaishia kwenye neva za mtu.

Pingamizi zito linatoka ndani ya Ayurveda yenyewe. Tawi lake la rasashastra hutia zebaki dawani, likisema imesafishwa kwa kuchomwa tena na tena. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha vipimo vya dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston na vitongoji vyake: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hapo fundisho linajikana. Kama mwili hauna ukuta dhidi ya ulimwengu, hauna ukuta dhidi ya sumu pia, wala tanuri ya tabibu haisaidii, maana zebaki yenyewe ni elementi, haiungui ikaisha. Ayurveda huhesabu kutetemeka kwa viungo kuwa upepo uliozidi. Zebaki nayo hutetemesha mikono. Mchimbaji wa Ikolomani anayetetemeka apimwe mkojo kwanza, halafu ndipo aambiwe habari za upepo.