Je, Njaa ya Jirani Yanihusu?



Kila siku mnasali Baba Yetu, nanyi mnaomba chakula cha siku. Je, mmeliangalia neno lile dogo? Hatumwambii Mungu, "Unipe", twamwambia, "Utupe." Asemaye hivyo huwaombea na majirani zake, hata wale asiowapenda. Basi tufikiri pamoja juu ya jambo moja lililonisumbua.

Katika darasa langu mtoto mmoja alisinzia kila asubuhi. Nilimdhania mvivu, nikamkemea. Baadaye nikajua kwamba hakula tangu juzi. Baba yake aliacha shamba, akaenda machimboni kutafuta mawe ya bati, kama wengi wafanyavyo hapa Punia. Hakurudi wala hakutuma kitu. Nikamwendea mzee jirani yao, mwenye shamba kubwa la muhogo. Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, yule bwana aliacha jembe kwa mapenzi yake. Nikiwalisha wanawe, sitakuwa nimemfundisha uvivu? Na Mtume Paulo alisemaje juu ya asiyefanya kazi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Swali lake si swali la mtu mbaya, nasi yatupasa kulijibu kwa utaratibu.

Kwanza, Mtume Paulo aliwakaripia wasiotaka kufanya kazi, hakuwakaripia wasioweza. Tena Paulo huyo huyo alikusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Mtoto yule hakuacha jembe lolote. Kumnyima chakula ili kumfunza baba yake ni kumpiga asiyekosa. Na baba mwenyewe yuko mbali, fimbo hiyo haimfikii.

Pili, chakula kilichozidi ni cha nani? Mzee alilima kwa jasho lake. Muhogo ni wake, wala hatuna ruhusa kumnyang'anya. Lakini ardhi hakuiumba yeye, wala mvua hakuinyesha. Njaa ilipoingia Kaisaria, mwaka 369 hivi, Mtakatifu Basili aliwasihi matajiri wafungue ghala zao, naye mwenyewe akawahudumia wenye njaa. Alifundisha kwamba chakula unachokificha, mwenzako akiwa na njaa, ni mali ya mwenzako. Nao Maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, waliwakumbusha Wakristu fundisho la Mababa wa kale: ukimwacha mtu afe kwa njaa, nawe una chakula, umemwua. Basi jambo hili lagusa amri ya tano. Si hisani tu.

Tatu, tutoe nini? Hapa maneno ya mzee yana ukweli ndani yake: chakula peke yake hakitoshi. Kitunga cha leo huisha kesho kutwa. Misaada itokayo mbali twaishukuru, lakini njia zetu mnazijua: huchelewa, na ikiisha imeisha. Walakini vijiti vya muhogo peke yake navyo havitoshi, kwani muhogo wahitaji karibu mwaka mzima kukomaa. Ukimpa mama vijiti vya kupanda bila kumpa cha kula, njaa itamlazimisha kuchimbua kabla ya wakati. Au atautoa muhogo mchungu majini siku ya kwanza, asingoje siku tatu au nne sumu itoke. Katika Kongo yetu, upande wa Kwango, madaktari walieleza mwaka 1938 ugonjwa wa konzo, upoozao miguu. Leo twajua kwamba hutokana na sumu hiyo. Tazameni jinsi njaa inavyomsukuma mtu kuelekea sumu! Kwa hiyo tutoe vitu vitatu pamoja: chakula cha leo, vijiti vya mwaka ujao, na siku moja ya mikono yetu.

Nne, kuhusu siku hiyo ya mikono, wazee watasema: "Kulima shamba la mwingine twakujua sana." Ni kweli. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweza kuwalazimisha babu zetu kulima mazao iliyoyataka, kama pamba na mpunga; na wakati wa Mobutu ikawako salongo. Lakini kazi ya namna ile hufanywa kwa kuogopa adhabu, na faida yake humwendea mwenye nguvu. Kazi ya upendo hutoka kwa hiari, na mavuno yake humwendea mnyonge. Kwa hiyo asiyekuja asitozwe faini, wala jina lake lisisomwe mbele ya watu. Kinachotozwa si sadaka tena.

Nilimrudia mzee na maneno haya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nitatoa chakula, nitatoa na vijiti. Lakini siku ya kulima uje nawe, Mwalimu, na jembe lako." Niliona haya, maana mpaka hapo mimi nilikuwa nimetoa maneno tu. Nikaenda. Tulikuwa watu sita. Baba wa mtoto hajarudi mpaka leo. Lakini mtoto hasinzii tena.

Maswali ya kujibu nyumbani jioni:

1. Kwa nini twasema "Utupe," wala si "Unipe"?

2. Katika kijiji chako, ni nani aliyelala njaa jana?

3. Wewe umetoa maneno tu, au umechukua na jembe?