Jasho la Jikoni

Kupika, kufua na kulea watoto ni jasho lenye thamani katika kugawana mali ndoa inapovunjika. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka hivyo mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wakivutana.

Inauma kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara, naye akazitumia vibaya. Mahakama ikaona fungu lake limekwisha.

Na watoto? Sheria ya Ndoa ya 1971 hutanguliza ustawi wao. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa mahali pake ni kwa mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.