Alama ya Muumba na ini la mgonjwa

Mbaruti uitwao kisayansi Silybum marianum asili yake ni nchi za Mediterania. Majani yake yana mishipa myeupe, na Wakristo wa Ulaya walisimulia kwamba weupe huo ni maziwa ya Bikira Maria yaliyoudondokea. Basi mmea huo wakawapa wanawake wanaonyonyesha.

Simulizi hiyo ilikwenda sambamba na fundisho zito. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alishikilia kwamba mimea ina alama za Muumba za kumwonyesha binadamu inatibu nini. Ua la Hepatica, kwa kuwa majani yake yanafanana na ini, likatumiwa kutibu ini. Hakuna ushahidi kwamba linaliponya.

Mbaruti, usiofanana na ini hata kidogo, ndio uliofaa. Katika karne ya 19 daktari Mjerumani Johann Rademacher aliwapa wagonjwa wa ini dawa ya mbegu zake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Munich walichambua kilichomo katika mbegu hizo: silimarini, ambayo sehemu yake kuu ni silibini. Leo hospitali za Ulaya humtilia silibini mshipani mtu aliyekula uyoga wa Amanita phalloides. Sumu ya uyoga huo huzizuia seli za ini kusoma maagizo ya jeni, zikashindwa kutengeneza protini na kufa. Silibini huiziba njia ambayo sumu hiyo hupitia kuingia katika seli. Si dawa ya kila ugonjwa, hata hivyo. Mwaka 2012, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini C haukuona silimarini ikikishinda kidonge kisicho na dawa.

Je, kuikana alama ni kumkana aliyeumba? John Ray, kasisi na mtaalamu wa mimea wa Uingereza, hakuona hivyo. Mwaka 1691 alichapisha kitabu kizima cha kuisifu hekima ya Mungu katika uumbaji, lakini fundisho la alama alilikataa. Waislamu nao wana hadithi ya Mtume kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa. Hadithi hiyo inaahidi kuwa dawa ipo; haisemi kwamba imeandikwa jina. Kuitafuta kumebaki kazi ya watu.

Anayetetea alama ana swali jingine la kujibu. Amanita phalloides hufanana na uyoga unaolika, sumu yake haiishi kwa kupikwa, na walionusurika wamesimulia kuwa ulikuwa mtamu. Kama majani yaliandikiwa maonyo na ahadi, huo uliachwaje bila neno?