Barabara ya 80 na Wenyeji Wake

Kiangazi cha majimbo ya Kusini ya Marekani kinataka pikipiki. Ndani ya gari lenye kiyoyozi utaona mashamba tu yakipita. Juu ya pikipiki unanusa misonobari, lami iliyolainika kwa jua, kambare anayekaangwa nyuma ya kituo cha mafuta, na mvua ya alasiri kabla hata wingu lake halijaonekana. Tena watu wanakusemesha. Simama mahali padogo na pikipiki yako, na mzee aliyeketi barazani atainuka aje kukuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, na kama umekula.

Tulikuwa marafiki wanne, tumetoka Atlanta tunaelekea Mississippi kwa njia za ndani. Watatu tumezaliwa Afrika Mashariki. Wa nne ni mtu mweusi wa Alabama, ambaye babu na bibi zake walilima pamba katika mashamba ya watu. Huyu ndiye tuliyempa kazi ya kutangulia, kwa kuwa njia ni yake. Nyuma kabisa tulimweka mwenzetu mwenye uzoefu kuliko sote, maana anayefunga msafara ndiye anayemwona kila mtu, na wa kuharibikiwa haachwi peke yake.

Kiongozi wetu alitoa masharti mawili: mafuta yasishuke chini ya nusu tangi, na jua lisituzamie barabarani. La kwanza halikuhitaji maelezo, kwani vituo vya vijijini viko mbalimbali. La pili alilieleza kwa upole tulipokuwa tunakula. Alitusimulia habari za miji ya machweo, miji iliyokuwa na amri au mazoea kwamba kila mtu mweusi awe ameondoka kabla jua halijazama. Mama yake alilelewa na watu walioishi chini ya amri hizo, na yeye akalelewa na mama huyo. Kuanzia 1936 tarishi wa posta wa Harlem, Victor Green, alichapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambavyo vingewapokea. Bessie Stringfield, mwanamke mweusi aliyezunguka Marekani kwa pikipiki katika miaka ya 1930 na 1940, alipokosa nyumba ya kumpokea alilala juu ya pikipiki yake kwenye vituo vya mafuta.

Sisi tuliozaliwa mbali tunafika Kusini bila kumbukumbu hizo mwilini. Mzee wa Kizungu akitusalimu kwa bashasha, tunaitikia kwa bashasha, na hakuna ubaya. Magharibi ya Selma mmoja wetu alipotobokewa na tairi, mzee wa namna hiyo alisimamisha gari lake bila kuombwa. Alitusaidia kuziba tundu, akaenda nyumbani kwake, akarudi na maji ya barafu na mfuko wa karanga za kuchemsha, za chumvi, zenye ladha ya karanga za Tanga. Nilimpenda mzee yule na bado namwombea heri. Lakini nilimwona pia rafiki yetu wa Alabama akipokea maji kwa adabu, akishukuru, huku macho yake hayatoki barabarani. Wote wawili walikuwa sahihi. Wema wa mzee ulikuwa wa kweli, na tahadhari ya rafiki yangu ilikuwa na sababu zilizoandikwa kwenye vibao vya barabara ile ile.

Ni barabara ya namba 80, na kutoka Selma hadi Montgomery ina kilomita 87 hivi. Watu wengi wanalijua daraja la Edmund Pettus, ambako tarehe 7 Machi 1965 polisi waliwapiga waandamanaji waliodai haki ya weusi kupiga kura. Mimi kilichonishika ni vibao vya mashamba. Maandamano yaliyofanikiwa yaliondoka Selma tarehe 21 Machi na kumalizika Montgomery tarehe 25, na waliotembea walihitaji pa kulala njiani. Wakulima weusi waliwapa viwanja vyao: usiku wa kwanza David Hall, wa pili Rosie Steele, wa tatu, katika tope la mvua, Robert Gardner. Katika Kaunti ya Lowndes, inayokatizwa na barabara hiyo, weusi walikuwa wengi kuliko weupe, na bado mwanzoni mwa mwaka ule hapakuwa na hata mmoja wao aliyeandikishwa kupiga kura.

Kwetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bi Steele, mama mzee, alijua fika kwamba wageni hawa wanaweza kumletea risasi au moto, na akawakaribisha. Hatari haikuwa ya kufikirika. Usiku wa tarehe 25, maandamano yamekwisha, Viola Liuzzo, mama mzungu wa watoto watano aliyetoka Detroit kuja kusaidia, aliuawa kwa risasi na watu wa kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan akiendesha gari katika barabara hiyo. Mnara wake uko kando ya lami, juu ya kilima kidogo. Kisha wakulima weusi waliojiandikisha kupiga kura wakafukuzwa kwenye ardhi waliyoilima, na familia zao zikaishi katika mahema kando ya barabara hiyo hiyo. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Hakuna aliyetaka kuwasha pikipiki wa kwanza.

Mimi husikia watu wetu wanaoishi Marekani wakiusifu ukarimu wa Kusini, na nakubaliana nao. Nimekula bamia na kunde kwenye meza za wageni wasionijua, na sikusahau kwamba mazao hayo yalivuka bahari pamoja na Waafrika waliotekwa. Ila sahani ya chakula na salamu ya barabarani ni ukarimu ambao mtu anaweza kuutoa na usiku akalala salama. Uliotolewa na Hall, Steele na Gardner ni mwingine: mwenyeji anapokea mgeni huku akijua kwamba majirani wenye nguvu watamfanya alipe. Wanavijiji wa Kigoma waliowapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wataelewa ninachosema, maana nao waligawana ardhi na chakula walivyokuwa navyo vichache. Kwangu mimi huo ndio ukarimu unaostahili kufundishwa watoto, na ndio tunaouona kwa nadra sasa, Alabama na kwetu pia, mkimbizi anapozungumzwa kama mzigo tu.

Ndugu zangu mnaoishi Atlanta, Birmingham au Nashville, kiangazi kijacho piteni barabara ya 80. Nendeni kwa pikipiki kama mnazo, au kwa gari vioo vikiwa wazi. Someni kila kibao cha shamba. Palipokuwa na mahema, Lowndes, sasa pana kituo cha kumbukumbu cha Idara ya Hifadhi za Taifa, na kuingia ni bure. Wachukueni watoto. Na kama mna rafiki mzaliwa wa kule, mwombeni atangulie, na mkimbie kwa mwendo wake.