Mzinga kwa Kipimo cha Nani?

Fundi anayepima mbao za mzinga hudhani anafanya useremala tu: upana huu, kina hiki, sanduku moja au manne. Kumbe kila kipimo anachokata kinajibu swali zito zaidi. Mdudu ambaye hakuumbwa na sisi, nasi tunakula jasho lake, ana haki gani juu ya nyumba tunayomjengea? Ninachokitetea hapa ni kwamba kipimo cha mzinga kianzie kwa nyuki, na haja ya mfugaji ifuate. Simaanishi kwamba kurina asali ni wizi. Mfugaji ni mwenye amana, na mwenye amana hapangi mipaka kwa kutazama ndoo yake peke yake.

Ushahidi wa kwanza wanautoa nyuki wenyewe, kwa kuwa wao huchagua nyumba kwa mashauriano. Kundi likigawanyika, malkia mzee huondoka na sehemu ya vibarua, wapelelezi hukagua matundu na kurudi kueleza kwa kucheza, mpaka wote wawe na kauli moja. Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwachunguza nyuki wenye asili ya Ulaya katika jimbo la New York, akaona kwamba hupenda nafasi ya lita 40 hivi, na huepuka iliyo chini ya lita 10 au inayozidi 100. Sanduku moja la mzinga wa Langstroth lina lita 42 hivi, lakini mfugaji wa biashara hupandisha matatu au manne. Mwaka 2016 Seeley na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi yaliyowekwa katika lita 42 na mengine yaliyopewa hadi lita 168. Yale ya nyumba ndogo yaligawanyika mara nyingi zaidi, yakawa na utitiri wachache wa varoa, kimelea cha nyuki, na magonjwa machache, na mengi zaidi yakabaki hai.

Mtu makini atapinga: kilichowaokoa ni kule kugawanyika, ambako hukatiza malezi ya majana na kuupunguzia utitiri mahali pa kuzalia, sanduku halina sifa yoyote. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapokaza. Masanduku hupandishwa ili kundi lisigawanyike, na kwa nyuki kugawanyika ndiko kuzaa: kundi zima huzaa kundi. Kwa hiyo anayeongeza nafasi bila kikomo ameingilia uzazi wa kiumbe ili nguvu kazi isimpungukie. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba katika misitu ya New York makundi machanga mengi hufa kabla ya kumaliza mwaka, hivyo kuwazuia kuondoka ni huruma. Ingekuwa huruma, mfugaji angetundika mzinga mtupu jirani na kuwapokea.

Wafugaji wa Tabora, Tanzania, na wa misitu mingine ya miombo hufanya karibu hivyo. Hutundika mizinga ya magome au magogo juu ya miti na kusubiri makundi yanayopita yaingie yenyewe. Ufugaji huo unategemea sana kugawanyika. Kungezuiwa, mizinga mingi ingebaki mitupu. Nyuki wa huku pia si wale wa New York. Ni wadogo, makundi yao kwa kawaida ni madogo, hugawanyika upesi, na wakibughudhiwa au malisho yakikauka huhama wote. Hawana majira ya baridi kali ya kuwekea akiba kubwa. Wakipewa jumba wasiloweza kulijaza, kona tupu huwa za nondo wa nta na mende. Hata nafasi kati ya sega na sega ni tofauti: kutoka katikati ya sega hadi katikati ya linalofuata ni milimita 32 hivi, wakati nyuki wa Ulaya hutumia 35. Waliobuni mzinga wa mbao za juu, ambamo kila mbao hushika sega moja, nchini Kenya katika miaka ya 1970 walilizingatia hilo. Fremu iliyopimiwa nyuki wa Ulaya haikuwahi kumuuliza nyuki wa Afrika.

Dini imo ndani ya historia hii kuliko wengi wanavyodhani. Langstroth mwenyewe, aliyebuni mzinga wenye jina lake, alikuwa mchungaji wa kanisa huko Marekani. Mwaka 1851 alitambua kwamba upenyo wa milimita 6 hadi 9 hivi nyuki hawauzibi kwa nta wala gundi, akapata fremu zinazonyanyulika bila kuvunja sega. Alipata uwezo huo kwa kutii mwili wa nyuki. Uwezo huohuo ndio uliofungua njia ya kupandisha masanduku bila mwisho. Padri Warré wa Ufaransa aliyetaka mzinga wa mtu wa kawaida alitumia visanduku vya lita 19 hivi. Viwili havifiki 40. Mtawa Adam wa Buckfast, Uingereza, alishika njia ya mzinga mkubwa. Ucha Mungu peke yake, basi, haukati shauri.

Atakayesema kwamba viumbe vimewekwa kwa manufaa ya binadamu hajakosea, ila asome Sura ya An-Nahl, yaani Nyuki, katika Kurani kwa utulivu. Manufaa yamo, asali ikiwa dawa kwa watu. Lakini amri ya kujifanyia makazi milimani, mitini na katika wanavyojenga watu wamepewa nyuki. Sisi tumetajwa kama wajenzi.

Limebaki suala la karo na chakula, nalo si dogo. Mzinga mkubwa ukijaa hutoa asali nyingi. Ila mitatu midogo yenye nyuki ina faida kuliko mmoja mkubwa ulio mtupu. Wala sitetei gome: kubandua gome huua mti, na mti ndio malisho. Mbao zinafaa. Anayeagiza mizinga kwa ajili ya kikundi cha wafugaji aanze na rula: milimita 32 kwa kila mbao ya juu, nafasi ndogo kwanza, nyongeza pale tu kundi linapokuwa limeijaza, na mzinga mmoja mtupu utundikwe jirani kwa watakaoondoka.