Ni Lazima Uumie Ndipo Usimame?

Jumapili iliyopita Mchungaji alituhubiria kutoka Nehemia sura ya kwanza, na wengi mlitoka mkizungumza juu ya ukuta na malango yaliyoteketea. Mimi nilibaki na jambo dogo lililo kabla ya ukuta. Nehemia hakuwa ameumia. Alikuwa Shushani, ndani ya jumba la mfalme, ana kazi nzuri, na mnyweshaji wa mfalme si mtu wa kulala njaa. Ukuta ulioanguka haukumwangukia yeye. Hata hivyo, habari ilipomfikia aliketi chini akalia, akafunga, akaomba siku kadhaa.

Nalitaja hili kwa sababu karibu kila mtu ninayemjua aliyeingia katika kazi ya haki au ya amani, ukimuuliza alianzaje, atakuonyesha kovu. Mtoto aliugua. Ndugu alichukuliwa usiku hakuonekana tena. Nyumba ilichomwa. Sasa je, hiyo ndiyo njia ya Mungu, kwamba mtu hasimami mpaka aguswe yeye mwenyewe? Na kama ndivyo, sisi ambao nyumba zetu hazijaungua tunangoja nini? Tunangoja moto?

Tuanze na jambo la hapa hapa kwetu. Ukitoka Makupa ukavuka daraja, ukapita Changamwe kuelekea Mikindani, kuna kijiji kinaitwa Owino Uhuru. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda kilichokuwa kando ya kijiji hicho, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Kazi yake ilikuwa ya ofisini. Moja ya majukumu yake ya mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya athari za kiwanda kwa mazingira, na ripoti ilipotoka ilionyesha kwamba kiwanda kiko karibu mno na makazi ya watu. Akaipeleka kwa wakubwa wake, akashauri kihamishwe. Ushauri wake haukufuatwa.

Hebu tusimame hapo kidogo. Wakati huo dada huyu alikuwa anajua tayari. Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Lakini kujua kwa karatasi hakukumtoa kazini. Kilichomtoa ni mwanawe, mtoto wa kunyonya, aliyeanza kuugua homa isiyosikia dawa. Akalazwa, akapimwa hiki na kile, na mwisho damu yake ikapimwa madini ya risasi. Yalikuwemo. Yalikuwa yamemfikia kupitia maziwa ya mama.

Mimi nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa kusoma hesabu za kampuni: mapato, gharama, faida. Ukisoma hesabu za kiwanda cha namna ile utaona umeme, utaona mishahara, utaona betri zilizonunuliwa kwa kilo. Huwezi kuona figo za mtu. Huwezi kuona mtoto wa darasa la pili ambaye hashiki leo alichofundishwa jana, maana madini hayo hushambulia ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Hizo nazo ni gharama, tena kubwa, ila zimeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine, na daftari lenyewe ni mwili wake. Ziko faida mjini humu ambazo ni faida kwa sababu tu kuna mtu analipa bila kuulizwa.

(Na Kiswahili chetu kina siri yake. Kitu kinachotoka kwenye bunduki na kitu kilichokuwa kwenye damu ya yule mtoto vyote tunaviita risasi. Moja inapiga kelele na watu wanakimbia. Nyingine inaingia na vumbi, na watu wanaendelea kuanika nguo.)

Sasa, mama yule angeweza kuishia kwa mtoto wake. Angeacha kazi, ahame, amtibu mwanawe, na hakuna mtu angemlaumu. Tungempa hata nafasi ya ushuhuda madhabahuni na tungepiga makofi. Lakini alifanya jambo moja ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyofuata. Alichukua watoto watatu wengine wa kijijini, ambao si wake, wakapimwa. Wote watatu walikuwa na sumu ile.

Watoto wale watatu ndio waliofanya habari yake iwe kazi ya haki. Uchungu wa mwanawe ulimwamsha, ni kweli, lakini uchungu haukumwambia apime watoto wa jirani. Hilo alilichagua. Nimesikia watu wakisema, tena watu waliookoka, kwamba wanaharakati wengi wanapigania mambo yao tu, si unaona alianza pale mtoto wake alipougua? Ndiyo, alianza pale. Swali ni aliishia wapi. Hata mwana mpotevu hakuanza safari ya kurudi kwa sababu ya kumpenda baba yake, alianza kwa sababu ya njaa, na baba hakumuuliza njaa ilikuwa asilimia ngapi.

Njia yenyewe haikuwa fupi. Mwaka 2012 alikamatwa na wenzake na kushtakiwa kwa uchochezi, baadaye wakaachiliwa na mahakama. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman, ambayo hupewa watetezi wa mazingira duniani. Kesi ya wanakijiji ikaamuliwa hapa Mombasa Julai 2020: shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Nimefanya hesabu kwenye simu: ukigawa sawa kwa sawa ni kama 433,000 kwa mtu. Kwa mwili ulioharibiwa maisha yote, nyinyi semeni wenyewe kama ni nyingi.

Kuna neno tunalipenda sana kanisani, la kumwachia Mungu. Nalipenda pia, na liko mahali pake. Lakini mtu wa Owino Uhuru akija mbele tumwombee mtoto, tukamwekea mikono, halafu akarudi kulala palepale kwenye vumbi lilelile, tumemwachia Mungu au tumemwachia yule mtoto? Tunaombea mgonjwa na tunaziba bomba linalomwaga sumu. Sioni kwa nini jambo la pili lionekane la kimwili na la kwanza la kiroho.

Turudi kwenye kovu. Wako watakaosema basi imethibitika, mtu husimama akiumia, kwa hiyo maumivu ndiyo wito wenyewe. Sikubali, na sababu yangu iko hapa mjini. Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo alipouawa kwa kupigwa risasi, vijana waliovamia makanisa ya Mombasa walikuwa na uchungu. Uchungu wa kweli. Oktoba 2013, sheikh mwingine alipouawa, kanisa la Salvation Army pale Majengo, jirani zetu, likachomwa. Halafu Machi 23, 2014, Jumapili asubuhi, watu wenye silaha wakaingia kanisa la Joy in Jesus kule Likoni wakaua waumini. Mama mmoja alimkinga mwanawe kwa mwili wake, akafa, na mtoto akabaki na risasi kichwani mpaka madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta wakaitoa. Baada ya siku ile wako Wakristo wa mji huu waliotaka kulipiza, nao pia walikuwa na uchungu wa kweli.

Kwa hiyo kidonda hicho hicho humtoa mpatanishi na humtoa mchoma nyumba. Kama maumivu yenyewe ndiyo yangekuwa wito, Mombasa ingekuwa imejaa wapatanishi zamani sana.

Nitawapa mtu mwingine, na najua baadhi yenu mtauliza kwa nini Mwislamu anaingizwa kwenye karatasi ya kanisa. Mwulizeni Bwana Yesu kwa nini alimweka Msamaria kwenye Luka 10, wakati kuhani na Mlawi walikuwepo. Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mama wa Wajir. Miaka ya mwanzo ya tisini koo za kule zilikuwa zinauana. Usiku mmoja mwaka 1993 alijificha chini ya kitanda na mtoto wake, risasi zikipita. Asubuhi mama yake akamsimulia jinsi na yeye alivyomficha Dekha alipokuwa mdogo, kwa sababu ya vita vya wakati huo. Dekha akaona kwamba mtoto aliye mikononi mwake atakuja kumficha wake vilevile.

Hakuanza na mkutano mkubwa. Wanawake walianza kuzungumza harusini, kisha wakaenda sokoni. Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika, mama wa ukoo huu hauziani na mama wa ukoo ule. Wakakubaliana soko liwe la kila mama, wakaweka kamati ya kulisimamia, na mahali palipokuwa na fujo wakaenda wenyewe. Baadaye wakaingia wazee, vijana, wafanyabiashara, na Septemba mwaka huo huo wazee wa koo wakatia sahihi mkataba wa Al Fatah. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Mimi kinachonishika hapo ni soko. Amani ya Wajir ilianzia kwenye kununua na kuuza, na wanaonijua wanajua kwa nini hilo linanifurahisha. Mama akikuuzia maziwa leo, ana sababu ya kutaka uwe hai kesho urudi. Hapa Makupa tayari tunanunuliana kila siku, mahamri asubuhi kwa mama wa buibui, spea za pikipiki kwa kijana wa kanisa. Watu wa Wajir walilazimika kulijenga upya soko la namna hiyo.

Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza juzi, "Pasta, mimi sijapoteza mtu. Nikisimama kuongea juu ya vijana wanaopotea, si nitaonekana najitafutia jina?" Swali zuri, kwa sababu wapo wanaojitafutia jina. Nilimrudisha kwa Nehemia mstari wa pili. Hanani alipofika kutoka Yuda, Nehemia ndiye aliyeuliza. Hakungoja aletewe habari, aliuliza hali ya waliobaki na hali ya mji. Mtu asiye na kovu hana mlango mwingine isipokuwa huo wa kuuliza, halafu kukaa kimya akasikiliza jibu lote. Musa naye, Kutoka 2, alitoka kwenye nyumba ya Farao kwenda kutazama mizigo ya ndugu zake. Ni kweli alimaliza siku hiyo kwa kuua mtu, kwa hiyo kwenda kutazama peke yake hakutoshi, lakini mtu akitaka kuanza ndipo pa kuanzia.

Na asiye na kovu ana faida moja ambayo aliyeumia hana: hajachoka. Mama anayetafuta mwanawe amezunguka vituo vya polisi, mochari na ofisi mpaka miguu imevimba. Anahitaji mtu wa kuandika barua, mtu wa kumsindikiza MUHURI au kwa wakili, mtu wa kukaa na watoto wadogo siku ya kesi. Kazi hizo hazina mimbari wala kamera.

Kwa aliyeumia nina neno la polepole. Usiambiwe kwamba lazima upone kabisa kwanza ndipo utumike. Paulo katika 2 Wakorintho 1 anaeleza kwamba faraja tuliyopewa katika dhiki ni ya kuwafariji wengine, na hasemi dhiki iwe imekwisha. Ila usiifanye kazi ya haki iwe bandeji. Nimeona watu wakikimbia kutoka kesi hadi kesi ili wasilale na uchungu wao nyumbani, na siku kesi zikiisha wanaanguka. Njoo tuombe nawe, njoo pia uzungumze na mtu aliyesomea ushauri nasaha. Na kusamehe, ambako Bwana anakuamuru, hakukulazimishi kufuta kesi. Unaweza kumsamehe mtu na ukafika mahakamani saa tatu kamili.

Nije kwa jambo la kanisa letu. Kila wiki mimi ndiye ninayesoma vikaratasi vya maombi kabla havijapelekwa kwenye mkesha. Kwa mazoea ya shule huwa navipanga kwa mafungu: kodi ya nyumba, ugonjwa, ndoa, kazi, kijana aliyekamatwa. Kila karatasi ina jina moja na shida moja, na kila mwenye shida anadhani ni yake peke yake. Wakati mwingine karatasi tatu zinatoka ploti moja, tumbo la watoto, na wenyewe hawajui.

Kwa hiyo nimezungumza na Mchungaji, na kuanzia Jumapili hii kikaratasi kitakuwa na mstari mmoja zaidi chini ya ombi lako. Unauliza: ni nani mwingine mtaani kwako ana shida hii? Si lazima awe wa kanisa letu, si lazima awe Mkristo, na usiandike jina lake bila ruhusa yake. Andika tu kwamba yupo, na kama hujui, mwulize kwanza kabla ya Jumapili. Vikaratasi viko kwa mashemasi mlangoni, sanduku liko pale pale karibu na meza ya sauti, na Jumatano baada ya maombi ya jioni nitakuwa ofisini na daftari kwa yeyote aliyepata zaidi ya jibu moja.