Mwenye Dhamiri katika Baraza la Vita

Khalifa Al-Mansur alipomtaka Imamu Abu Hanifa ashike ukadhi, Imamu alikataa, akatiwa gerezani, na mwaka 767 akafariki dunia. Lakini mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyesoma kwake miaka mingi, aliukubali ukadhi, akawa Kadhi Mkuu wa Harun al-Rashid, na katika kitabu alichomtungia juu ya kharaji, yaani kodi ya ardhi, akamuusia insafu kwa raia. Wote wawili walikuwa wachamungu, nami sithubutu kumlaumu yeyote kati yao.

Suala hilo hilo, kama mwenye dhamiri ajitenge na dola au aingie ndani yake, liko mbele ya vijana wa Marekani wapendao mageuzi, ambao tangu mwaka 2004 wana jumuiya, iliyopewa jina la Rais Truman, ya kuwafunza siasa ya usalama wa taifa, maadamu upande wao umesutwa siku nyingi kwamba unajua kuwahurumia maskini lakini haujui kuilinda nchi. Jina lenyewe ni mtihani: ndiye Truman aliyeridhia Hiroshima iteketezwe mwaka 1945, na ndiye aliyeamuru mwaka 1948 ubaguzi wa rangi ukomeshwe jeshini.

Nionavyo, kutojua mambo ya silaha si uchamungu, na mwenye huruma asiyeyajua huwaachia baraza wale wasio na huruma. Walakini ilimu hiyo, hata ikitimia, haimzalii mtu dhamiri. Robert McNamara, aliyewahi kufundisha Harvard na kuiongoza kampuni ya Ford kabla ya kuwa Waziri wa Ulinzi mwaka 1961, hakupungukiwa na akili wala takwimu. Maiti za Vietnam zilihesabiwa mbele yake kama shehena bandarini, wala hakukiri kitabuni kwamba yeye na wenziwe walikosea vibaya hadi mwaka 1995, walipokwisha kuoza waliokufa.

Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Bunge la Wawakilishi lilipompa Rais idhini ya kutumia majeshi kwa kura 420, kura moja tu ya kukataa ilipigwa na Barbara Lee, binti wa afisa wa jeshi, ambaye shahada yake ilikuwa ya ustawi wa jamii. Alitukanwa, akatishiwa kuuawa. Hakudai kwamba taifa lisijilinde; alihofu kuwa idhini ile haikuwekewa mpaka wa mahali wala wa muda, na kweli marais waliofuata waliitegemea hata kwa mapigano ya Somalia, nchi isiyotajwa ndani yake.

Lau ningekuwa mwalimu wa vijana wale, ningewafunza mizinga na mikataba pasipo kuwaficha kitu, kisha ningewapa waraka ule mfupi wa idhini, niwatake waonyeshe kwa kidole ni neno lipi linaloamuru vita vikome.